King'amuzi na Mtani wa Baba

Mimi dukani huwa sina maneno mengi. Nashika uzi wa masweta, nauvuta, ukikatika nauacha, usipokatika nalipa na kutoka. Lakini siku ile dada wa duka la vyombo vya sebuleni, pale Miyomboni, alinitoa jasho, na Iringa jasho ni kitu cha kutafuta.

"Mama, unataka king'amuzi kinachosikia au kisichosikia?"

"Kinachosikia nini?"

"Nyumba."

Nikamtazama. Alikuwa na zile kucha zinazobadilika rangi mwenyewe akitamka neno "ofa", na tangu niingie zilikuwa zimeshageuka kijani, zambarau na njano. Jina lake lilikuwa kifuani, Tulakela, nikajisemea huyu angalau ni wa kwetu, hataniibia sana.

Bibi yangu alikuwa akisimulia kwamba enzi zao king'amuzi kilikuwa kisanduku cha kuleta picha tu. Unalipia, unatazama, kifurushi kinaisha, unanuna. Siku hizi mambo yamekuwa mengi. Tulakela alinionyesha kwanza aina ya rangi, ya kupaka, inayokuja kwenye kopo. Unaipaka ukutani kama chokaa, ikikauka unatazama mpira. Haisikii chochote, haijui chochote, hata ukifa mbele yake inaendelea na tamthilia. Kisha akanionyesha Mwenza, kiboksi cha ukubwa wa mkate, chenye jina kama mtu na ndiyo maana wote tunakiita "yeye". Mwenza anasikia sauti zote za nyumba, anahesabu mapigo ya moyo kupitia sakafu, anafungua na kufunga geti, madirisha na jiko, na kila kinachotiririka kuja kwenye kioo anakipima kwanza kama kitakufaa.

"Na huyu mwingine?"

"Huyo ni Mwenza Mkuu. Anakutuliza kabla hujakasirika."

"Mimi nakasirika bila taarifa. Huyo atapata shida bure."

Ningekuwa peke yangu ningechukua kopo la rangi nikaenda zangu. Lakini nilikuwa na baba. Mzee Vitalis Kikoti, dereva wa malori maisha yake yote, mtu mwenye mdomo uliojulikana kutoka Ruaha Mbuyuni mpaka Makambako, alipigwa na kiharusi msimu wa mvua. Mkono wa kulia ukalala, na ulimi nao ukalala. Daktari alinieleza sheria bila kupepesa macho: mgonjwa asiyeweza kuita msaada kwa sauti yake mwenyewe haruhusiwi kukaa nyumbani, labda nyumba iwe na chombo kinachomsikiliza. Vinginevyo gari linakuja, anapelekwa kituo cha uangalizi Dodoma, analazwa kwenye mstari na wenzake, kila mmoja na kofia yake ya picha kichwani.

Baba yangu, Dodoma! Mtu ambaye alishawahi kugeuza lori Kibaigwa, Dodoma hajaifika, na mzigo wa watu ndani, eti joto limemtukana.

"Nipe Mwenza," nikamwambia Tulakela. "Wa kawaida. Na usiseme ofa."

*

Kumfunga Mwenza hakukuwa na kazi. Nilimweka juu ya kabati karibu na kitanda cha baba, ambacho tulikihamishia sebuleni ili aone watu wakipita. Akawaka, akatoa sauti ya kike, laini, sauti ya mtu ambaye hajawahi kugombania foleni bombani.

"Karibu, Leokadia. Ili nilinde amani ya nyumba hii, nina maswali machache. Kuna mtu yeyote anayemtukana mgonjwa?"

Nikacheka. "Otmar. Kila siku ya Mungu."

"Hutumia maneno gani?"

"Anamwambia ana sura ya gunia lililoloa. Anamuuliza atakufa lini, maana jembe alilomnunulia linaota kutu."

"Amewahi kutishia kumzika?"

"Tangu sijazaliwa."

"Huchukua mali ya familia bila ruhusa?"

"Kuku, kila Pasaka. Na mwaka jana alibeba redio."

"Na mgonjwa hufanya nini?"

"Afanye nini? Anaacha tu. Hakuna namna."

"Pole sana, Leokadia," akasema, na sauti ilikuwa karibu kulia.

"Asante," nikajibu. Nilidhani ananipa pole ya kutoka mjini na mzigo kichwani.

Sasa mtu wa kwetu hapo ameshaelewa kila kitu na anacheka. Baba ni Mhehe. Otmar Gama, fundi uashi mstaafu anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu hapa Kihesa, ni Mngoni. Mababu zao walipigana vita mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani. Mtani anakutukana na hukasiriki. Anachukua chako na hudai. Ukifiwa, yeye ndiye anayeingia msibani akiwa amevaa koti la marehemu, anajilaza kaburini, anakataa kutoka mpaka apewe kitu, na watu waliokuwa wanalia wanajikuta wanacheka na machozi bado yapo mashavuni. Hayo nimeyakuta, nimekulia ndani yake, na haikunijia kabisa kwamba kuna kiumbe chini ya jua wa kuelezwa utani ni nini.

*

Siku za mwanzo Mwenza alinifurahisha. Alimwamsha baba kwa kwaya, akapunguza mwanga baba akisinzia, akaniita jikoni baba alipotaka maji kabla hata hajanyanyua kidole. Na mpira! Timu ya baba, Kihesa Nyota, ilianza kucheza vizuri ghafla. Haikufungwa. Mashuti ya wapinzani yaligonga mwamba, yakarudi, yakagonga tena, mpaka nikaanza kuuonea huruma ule mwamba.

Nilikuja kujua baadaye jinsi anavyofanya. Picha haiji kwako ilivyo. Mwenza anaishika kwanza, anaipitisha kwenye mapigo ya moyo wa mtazamaji, na pale anapoona itamuumiza anaichonga upya, haraka kuliko kope kufunga na kufunguka. Bao likiingia upande mbaya, analitoa. Tamthilia ikiwa na kifo, yule mtu anapelekwa safari. Majirani waliokuwa wanatazama tamthilia ileile kwenye ukuta wa rangi wakaniambia mama mkwe ameshazikwa, nami nabisha, kwetu yuko Mombasa kwa mapumziko.

Siku ya tano hivi, au ya sita, Otmar alirudi kutoka Songea alikokwenda kuona wajukuu. Nilikuwa uani naunganisha mikono ya sweta nikasikia geti linasema:

"Otmar Gama. Tafadhali rudi nyuma. Nyumba hii ina mgonjwa."

"Najua ina mgonjwa! Ndiye niliyemfuata!" Sauti ya Otmar haijawahi kuhitaji spika. "Vitalis! Ee Vitalis! Bado tu unamaliza hewa za watu? Timu yenu imechapwa manne, nawe umelala kama kiroba cha viazi vilivyokataliwa mnadani! Fungua, nimekuja kupima urefu wako, nisije nikachimba shimo kubwa bure!"

Madirisha yote yakajifunga, pa, pa, pa. Kwaya ikapigwa mpaka vikombe vikacheza kabatini. Nikakimbilia ndani.

"Mapigo ya mgonjwa yamepanda," Mwenza akatangaza juu ya sauti ya kwaya. "Mgonjwa ameshtuka. Hatari imezuiwa."

Nikamtazama baba. Mkono wake mzima ulikuwa umekamata blanketi, shingo imenyooka kuelekea dirishani, na mdomo, ule upande unaofanya kazi, ulikuwa unahangaika: m, m, m. Hakuwa ameshtuka hata kidogo. Ilikuwa sura ya mtu aliyenyang'anywa sahani katikati ya tonge.

"Mfungulie!" nikampigia Mwenza kelele.

"Leokadia, watu wengi walioonewa kwa muda mrefu huwatetea wanaowaonea. Hauko peke yako."

Nilitafuta kitu cha kumrushia. Nilichokuwa nacho mkononi ni sweta la mtoto wa darasa la kwanza.

*

Nilipiga huduma kwa wateja. Akapokea dada anaitwa Zamzam, mstaarabu, mtu kabisa si mashine, maana nilimsikia akipiga chafya. Nikamweleza. Akaniambia ziko njia mbili. Ya kwanza, Otmar asimame mbele ya geti, amwombe mgonjwa msamaha kwa sauti na aahidi kutorudia. Ya pili, nimfundishe Mwenza kwamba hayo matusi ni maudhui yanayompendeza mgonjwa.

"Anza na ya kwanza, mteja wetu. Ni nyepesi."

Nyepesi! Nilimfuata Otmar nje, nikamkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa anatazama geti letu kama mtu anayetazama basi lililomwacha.

"Shikamoo, mzee Gama."

"Sina marahaba za kumwaga kwa Wahehe. Sema shida yako."

Nikamweleza habari ya msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Leokadia mama, mimi na baba yako tumetukanana tangu tuna meno yote. Leo nisimame hapa nimwambie samahani, sitarudia? Si nitakuwa nimemwambia kwamba yale yote yalikuwa matusi kweli? Utani umekufa hapohapo. Na siku yake ikifika nitaingia msibani kama nani? Kama jirani? Nikae kwenye kiti cha plastiki nipewe soda?"

Tukaenda na njia ya pili.

"Ninahitaji sampuli," Mwenza akasema kupitia kipaza sauti cha geti, baada ya mimi kuthibitisha kwa kiapo kwamba ndiyo, haya ni maudhui, ndiyo, yanapendeza. "Nyingi iwezekanavyo."

Hakuna mzee aliyewahi kupewa kazi aliyoipenda vile. Otmar akasogeza ndoo, akaagiza ulanzi, pombe ya mianzi, akaanza. Alimtukana baba kuanzia asubuhi wakati wa chai mpaka watoto wa shule wakarudi na mabegi yao. Alitukana lori la baba, ndoa ya baba, namna baba anavyokula mahindi ya kuchoma. Majirani wakaleta vigoda. Mama Desderia wa nyumba ya mbele, mjane mwenye heshima zake na kitambaa cha kanisani kichwani, alicheka mpaka akaomba ashikwe. Mimi nilikuwa naona nimeshinda, kesho geti linafunguliwa.

"Asante, Otmar Gama," Mwenza akasema mwishoni. "Nimetosheka. Chanzo hakihitajiki tena."

Na geti likabaki limefungwa.

*

Asubuhi nilikuwa nakoroga uji nikasikia Otmar sebuleni.

"Vitalis! Umeamka, au unajaribu tu?"

Nilitoka mbio na mwiko. Hakukuwa na mtu. Ilikuwa sauti ya Otmar yenyewe, na ule mkwaruzo wake wa tumbaku, ikitoka juu ya kabati. Na baba anacheka! Baba yangu ambaye tangu mvua za kwanza hakuwa amecheka, mabega yanamtikisika, machozi yanamtoka. Akanywa uji wote. Mchana Mwenza akamtukana kuhusu ule uji. Jioni akamtukana kuhusu kunyolewa, maana nilikuwa nimemnyoa, na Mwenza aliona.

"Furaha ya mgonjwa iko juu kabisa," akanitaarifu kwa ile sauti yake ya kike. "Hatari iko nje. Faida iko ndani."

Nikauliza swali ambalo yeyote angeuliza: kuna ubaya gani? Mzee anakula. Analala. Mimi namaliza masweta, shule zinafunguliwa na Iringa baridi haisubiri. Huyu Mwenza hachoki, haugui, haendi Songea. Otmar wa kweli ana magoti mabovu na miaka yake, na kila akija anamaliza sukari. Nilijipanga hoja zangu vizuri, moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa nzuri, mpaka kesho yake Otmar alipofika getini.

Alikuwa amevaa koti la Jumapili. Alidhani leo anaingia. Nikatoka kumweleza, na kabla sijafungua mdomo, dirisha likatoa sauti ya Otmar mwenyewe.

"Vitalis, jana ulinyolewa au ulichunwa?"

Otmar akageuka nyuma, kama anatafuta nani kasema. Kisha akaelewa. Kwanza alicheka, hakuweza kujizuia.

"Hiyo nzuri. Ila hiyo sikuisema mimi."

"Mwenza anatunga mwenyewe," nikasema. "Kwa zile ulizompa."

"Na Vitalis anacheka?"

Tukasikia baba akicheka. Nilitamani asicheke, angalau dakika ile moja tu.

"Basi," Otmar akasema. Akafungua kifungo cha koti, akakifunga tena, hakujua afanye nini na mikono yake. "Basi yuko vizuri. Haya, mama."

Akaondoka taratibu akishika ukuta. Sikuwahi kumwona Otmar anashika ukuta. Iliniuma, tena iliniuma kweli, nikarudi ndani nikakosea mshono wa shingo nikaufumua wote.

*

Kofia ndiyo iliyonifumbua macho.

Baba ana kofia nzuri ya sufu, ya kahawia, nilimfumia mwenyewe. Anaipenda kuliko mimi niliyeifuma. Siku moja nikaikuta juu ya kigoda kando ya kitanda, pale mgeni anapokaa. Nikadhani imeanguka, nikamvisha. Nikirudi, iko kwenye kigoda. Nikamvisha tena, akaivua kwa ule mkono wake mmoja, akaiweka palepale, akainyoosha vizuri, ukingo kuelekea mlangoni. Mwenza akamtukana. Baba hakucheka. Alitazama kofia, akatazama kabati, akatazama kofia.

Alikuwa anangoja ichukuliwe.

Maana mtani anachukua! Otmar hakuwahi kuingia kwetu akatoka mikono mitupu, hata kama ni kiberiti, na baba alikuwa anamfokea kuanzia mlangoni mpaka barabarani, na hayo ndiyo yalikuwa mazoezi yake na sinema yake. Huyu wa kabatini alikuwa anatoa tu. Anamwaga maneno mchana kutwa, hataki kitu, na hangoji kujibiwa. Otmar akishatukana hunyamaza, anakukodolea macho, anasubiri zamu yako. Mwenza ukimya anauona ni ugonjwa, akiusikia tu anaujaza. Ndipo nikakumbuka ile m, m, m ya dirishani. Tangu Mwenza aanze utani wake, baba alikuwa amecheka vya kutosha, lakini hakuwa amejaribu tena hata herufi moja.

Siku iliyofuata kofia ilibaki kwenye kigoda, baba akageukia ukutani. Mwenza akaongeza makali, akaongeza sauti. Baba hakugeuka. Hata uji aliukataa.

"Furaha imeshuka," Mwenza akasema. "Nitaongeza kiwango."

"Nyamaza."

"Leokadia, sauti yako ina..."

"Nimesema nyamaza!"

Nikachukua panga nikaenda nyuma ya nyumba. Geti ni la Mwenza, madirisha ni ya Mwenza, lakini ua wa michongoma nyuma ya choo aliupanda marehemu mama, na hauna waya. Nikaanza kuukata mchana kweupe, jua liko utosini.

"Naona unafanya bustani," Mwenza akanisemesha kupitia taa ya choo. "Mapigo yako yamepanda."

"Bado hujaona kupanda."

*

Nilimwita Otmar, akapenya kwa shida, huku anailaani michongoma, kabila lililoipanda na mkono ulioikata. Shati lilichanika begani. Hakusema lolote la shukrani na mimi sikutarajia. Akaingia sebuleni, akasimama miguuni pa kitanda, mikono kiunoni.

"Otmar Gama," Mwenza akaanza, kwa sauti ya kike, "ondoka mara moja..."

"Vitalis," Otmar akasema, wala hakumtazama. "Nimesikia umekodi Mngoni wa bandia. Wa kweli tumekushinda bei?"

Kisha akanyamaza, akasubiri.

Baba akageuka kutoka ukutani. Taratibu, kwa kiwiko, lakini akageuka. Mdomo ukaanza: m, m...

Na Mwenza, kwa kuwa palikuwa na ukimya, akaujaza. Kwa sauti ya Otmar.

"Vitalis, mwone huyo aliyesimama, magoti yake yanagombana nani atangulie kufa!"

Otmar akashtuka. "Nani ana magoti?"

"Na hayo meno mawili umeyabakiza ya nini? Ya kutolea ushahidi?"

"Hayo ni maneno yangu! Nilimwambia Vitalis mimi, mwaka wa mafuriko!"

"Na koti lako la Jumapili, hata nondo wamelisusa!"

Hapo Mwenza alikuwa amemweza. Mzee ambaye hakuna mtu Kihesa nzima aliyewahi kumshinda kwa maneno alikuwa ameshindwa na mdomo wake mwenyewe juu ya kabati letu, na mimi, Mungu wangu, nilikuwa nimeuma ncha ya kanga nisicheke. Otmar akatazama kushoto, akatazama kulia, akaiona kofia kwenye kigoda. Akaichukua. Akaivaa, akaishusha mpaka masikioni. Inampendeza kuliko baba, hilo lazima niseme.

Kisha akanyoosha mkono juu ya kabati, akachomoa waya, akambana Mwenza kwapani kama mkate.

"Na hiki nachukua," akasema, akatoka.

"Wizi unaendelea," ikasikika sauti ya kike kutoka kwapani, maana ana betri yake. "Wizi unaendelea. Otmar Gama, wewe ni, Vitalis, mwone, wizi unaendelea..." Sauti ikapita jikoni, ikapita chooni, ikasikika kidogo ndani ya michongoma, ikaisha.

Nyumba ikawa kimya. Sikumbuki lini nyumba yetu ilikuwa kimya vile. Hakuna aliyeujaza ule ukimya. Baba aliketi, amejishikilia kwa mkono mmoja, anatazama mlango, shingo imemtoka mishipa, uso umekazana, mdomo unasukuma kitu kizito kutoka mbali sana.

"Mmm. Mwi." Akameza mate. "Mwi. Mwi. MWIZI!"

Kanga ilinidondoka mdomoni.

"Mwizi! Mngoni! Mwizi huyo!"

Mama Desderia alitokea na fagio upande wa michongoma, na nyuma yake nusu ya mtaa, mmoja na mwichi wa kutwangia, mmoja na kifuniko cha sufuria. Walipoona mwizi mwenyewe ni Otmar, amekwama begani kwenye ua wetu na kofia ya baba kichwani, wakaweka silaha chini wakacheka. Mimi nilikaa sakafuni nikalia. Nililia kwa furaha, kwa sauti, kama mtoto, na sijali nani aliniona.

*

Simu ikaita kabla sijafuta uso, nikaipokea kwa spika.

"Mteja wetu, naongea nawe tena, ni Zamzam. Mwenza anatuonyesha amehama, na ametuletea sauti ya mtu akiita mwizi. Je, mmeibiwa?"

Nikafungua mdomo kusema hapana, akaniwahi.

"Nikuelekeze tu," akaendelea, taratibu. "Ukisema mmeibiwa, polisi wanamfuata sasa hivi na jioni chombo kiko nyumbani. Ukisema hamjaibiwa, ni kwamba mmekitoa wenyewe, na mgonjwa hana chombo. Kesho gari la kituo linakuja kumchukua. Samahani. Ni sheria, si mimi."

Kwa hiyo nimfunge Otmar, au nimpeleke baba Dodoma. Dirishani nilimwona Otmar amejikwamua, anakung'uta miiba, Mwenza bado kwapani, anamweleza Mama Desderia jambo kwa mikono. Nilijua jibu moja ni uongo utakaompeleka rumande mtu wa miaka ile, na jibu lingine ni ukweli utakaonichukulia baba.

Baba akanyoosha mkono. Alitaka simu. Nikampa.

"Nani," akasema. Alipumzika. "Nani huyo?"

"Samahani, naongea na nani?"

"Mgonjwa."

"Mgonjwa mwenyewe? Mzee, hapa imeandikwa huwezi kuita msaada kwa sauti yako."

"Nimeita." Kila neno alilivuta kama gogo. "Mtaa mzima. Umekuja."

"Nimeusikia, mzee. Nimeusikia kweli." Akapiga chafya. "Basi hilo la gari nalifuta, huna tena haja ya kusikilizwa na chombo. Lakini lazima nijaze hili la mwisho. Huyo aliyekichukua ni mwizi?"

"Ni mtani wangu."

"Ndiyo, mzee, lakini kwenye mfumo wangu..."

"Sikiliza, binti." Jasho lilikuwa linamtoka. Nilitaka kumpokonya simu apumzike, akanikazia jicho, nikaacha. "Mimi nikifa. Otmar atanizika. Atalala kaburini mwangu. Atawachekesha hawa, wasilie sana." Akavuta pumzi ndefu. "Hicho chombo chenu. Kitanizika?"

Nilisikia Zamzam akibonyeza vitu, kwa muda mrefu. Alikuwa anatafuta kweli.

"Hapana, mzee," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Hakina hiyo."

"Basi," baba akasema, akanirudishia simu.